Mwajiri Naye Ana Hofu: Niliyowaambia Vijana wa Likoni Kuhusu Kutafuta Kazi

Assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Habari za mchana vijana wangu. Naona viti vimejaa mpaka wengine mmesimama pale mlangoni na hilo lanipa moyo sana, manake leo ni Jumamosi na joto la Likoni mwalijua, mtu angeweza kubaki zake maskani ama ateremke baharini na hakuna ambaye angemlaumu. Nimeitwa niongee kuhusu namna ya kumvutia mwajiri, na nashukuru wazee wa mtaa walionialika, na akina mama waliopika. Sina haja ya kuwasomea karatasi, nitaongea tu, mwenye swali anyanyue mkono hata kama niko katikati.

Kuna jambo moja nataka mulishike kwanza, mengine yatafuata. Mwajiri ana hofu. Wewe wamuona amekaa kwenye ofisi yenye eisii, ile mashine ya baridi, kiti cha kuzunguka, na wewe ndio unatetemeka, lakini mimi kile kiti nimekikalia miaka mingi, mwanzo kwenye yadi ya makontena kule Changamwe halafu hotelini upande wa Nyali, na nawaambia yule mtu naye anaogopa. Anaogopa atakuajiri Ijumaa halafu Jumatatu usitokee. Anaogopa utamjibu mgeni vibaya. Anaogopa ukiharibu kitu utanyamaza mpaka kioze. Anaogopa utafundishwa kazi ukiijua tu unahamia kwa jirani. Na juu yake kuna bosi wake yeye mwenyewe ambaye siku mambo yakiharibika atamuuliza, huyu ulimtoa wapi? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa muda wa kukujaribu usiozidi miezi sita, na mkikubaliana waweza kuongezwa sita mingine, lakini hakuna meneja anayetaka kuajiri mtu kisha amrudishe nyumbani, ni gharama na ni aibu kwake. Kwa hivyo tangu anapoona jina lako mpaka mnapoagana, anachotafuta ni dalili kwamba akikuchukua wewe atalala usingizi. Ukijua hivo, utajua pia kwamba kumvutia hakuhitaji suti ya bei wala Kizungu cha puani.

Sasa, mwajiri anaanza kukuona lini? Wengi mwadhani ni siku ya intavyu. Mimi nilikuwa naanza kumuona mtu nikimpigia simu. Fikirieni mwezi wa kumi na moja, hoteli inajiandaa kwa msimu wa Disemba, twataka watu wa mkahawa, wa jikoni, wa vyumba, na tunawataka haraka. Nina orodha mbele yangu, napiga moja baada ya nyingine. Nikipiga namba, Truecaller, ile programu ya simu inayoonyesha jina la mwenye namba, inaniletea jina, na si lile jina uliloandika kwenye CV, ni lile ambalo watu wamekusevia kwenye simu zao. Nimeona majina huko jamani. Mtu amesevewa "Usimkopeshe", na mwenyewe hana habari, yuko nyumbani anamuomba Mungu apate kazi. Leo mkitoka hapa chukua simu ya rafiki mwenye Truecaller utafute namba yako, na ukiona jina baya jisajili uandike jina lako sawasawa, ni kazi ya dakika chache.

Halafu unashika simu. Kuna anayeshika na kusema "halo, nani wewe?" kwa ukali, na nyuma yake muziki, watu wanacheka, pikipiki inapita. Simlaumu, hakujua ni nani. Lakini ukishajua umetuma maombi ya kazi, basi kila namba ngeni ishike kwa adabu, sema halo, taja jina lako. Na kama uko kwenye kelele, useme tu, "samahani mama, niko barabarani, naomba dakika mbili nisogee mahali patulivu nikupigie." Mwajuwa hiyo sentensi ilikuwa inanifurahisha kiasi gani? Manake hapo hapo nshaona mtu anayefikiria, mgeni akimlalamikia kuhusu maji ya moto atajua la kufanya. Ukikosa simu, piga. Kama huna kredo, azima simu ya nyumbani utume meseji fupi, jina lako na kwamba ulikosa simu. Zile meseji za bure za kumuomba meneja akupigie wewe, hapana, usitume kwa mtu unayemtafutia kazi.

Na picha ya WhatsApp, na stetasi. Mtu akishakuwa na namba yako anaziona. Sisemi ufute maisha yako, ukiwa na picha ya harusi ya dadako iweke, ukiwa na aya ama mstari wa Biblia weka. Ila ukiandika matusi kuhusu bosi uliyemuacha, huyu mpya atasoma na atajua zamu yake inakuja.

CV sitaikalia sana kwa sababu najua mshafundishwa. Kurasa mbili zatosha, tuma ikiwa PDF, na ile fayilo uipe jina lako, sio "CV mpya mpya ya mwisho 3". Barua ya maombi usiinakili kutoka kwa mwenzako ukasahau kubadilisha jina la kampuni, hilo tu laweza kukutoa. Mnaopiga kopi pale saiba, kwenye duka la kompyuta, muangalie tena kabla ya kulipa. Lakini kuna kitu kimoja cha CV kinaniuma na nataka nikiseme vizuri.

Kinaniuma kuona kijana ameandika "uzoefu wa kazi: hakuna." Halafu ukikaa naye ukamuuliza, tangu darasa la saba anamsaidia mamake kuuza mahamri na mbaazi, anaamka saa kumi ya alfajiri, anajua unga wa shilingi ngapi unatoa mahamri mangapi, anajua nani analipa mwisho wa wiki na nani hulipa papo hapo, daftari la madeni analishika yeye. Huyo hana uzoefu? Huyo ameshika pesa za watu bila kupotea, ameamka alfajiri miaka mingi bila kusukumwa, na hizo ndizo hofu mbili kubwa za mwajiri amezijibu kabla hajaulizwa. Iandike. Usiipambe, usijiite mkurugenzi wa biashara, andika tu ilivyo: "Nimesaidia biashara ya familia ya chakula cha asubuhi Mtongwe, tangu mwaka fulani, kazi yangu ni kununua vitu, kuweka hesabu ya madeni na kuhudumia wateja." Vilevile wewe uliyekuwa mweka hazina wa timu ya mpira, uliyefundisha watoto madrasa ama shule ya Jumapili, uliyesimamia vyombo na viti kwenye harusi za mtaa vikarudi vyote. Na kama ulifanya atachmenti, yaani mafunzo ya kazini ukiwa mwanafunzi, usiandike "nilifanya atachmenti idara ya uhasibu" ukaishia hapo. Ulifanya nini pale? Ulipanga risiti za miezi? Ulipokea wageni wangapi kwa siku? Ulijaza daftari gani? Mtu asome aone mikono yako ikifanya kazi.

Na wale marefarii watatu mnaoandika pale chini ya CV, watu wa kuulizwa habari zako. Waombeni ruhusa jamani. Nimepiga simu kwa mwalimu nikamuuliza kuhusu kijana na mwalimu akaniambia "huyo nani?" na yule kijana alikuwa mzuri kweli. Mpigie refarii wako, mwambie umeomba kazi mahali fulani, kazi yenyewe ni hii, umkumbushe ulisoma kwake mwaka gani. Hata mwalimu mwenye nia nzuri anafundisha mamia.

(Hapa kijana mmoja akauliza: "Shangazi, na si kazi zote ni za kujuana? Tukiwa hatuna mtu mkubwa tufanyeje?")

Swali zuri na nalijibu kwa ukweli, sitawadanganya. Kujuana kuko. Kuna nafasi hutangazwa na mtu tayari ameshachaguliwa, na inauma, hasa kwa kijana wa hapa ambaye bandari ya Kilindini aiona kila siku akivuka feri lakini ndani hajawahi kuingia. Uchungu huo ni wa haki. Lakini kuna aina nyingine ya kujuana ambayo si dhambi na ambayo nyote hapa munayo. Kuna mtafiti Mmarekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti kuhusu watu wa mji mmoja karibu na Boston, aliwauliza walipataje kazi zao. Wale waliopata kupitia mtu, akawauliza huyo mtu mlikuwa mkionana naye mara ngapi? Chini ya watu 17 katika 100 ndio walisema ni mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Zaidi ya 55 walisema ni mtu wanayeonana naye mara moja moja, na karibu 28 walisema ni mtu ambaye ni nadra kuonana. Yaani habari ya kazi ililetwa na watu wa mbali kuliko marafiki wa ndani! Na sababu yake ni nyepesi, rafiki zako mnaoshinda nao maskani mnajua mambo yale yale, akisikia yeye nawe umesikia. Yule mliyesoma naye akahamia Mikindani, mjomba wa mkeo anayefanya kazi kwenye ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, pale mjini, dereva wa lori mnayesalimiana, hao wanatembea mahali wewe hutembei.

Sasa kosa linalofanyika ni kumwendea mtu kama huyo na kumwambia "nisaidie kazi yoyote". Kazi yoyote inamlemea, hajui aanzie wapi, na ana hofu pia, akikupeleka ukaharibu ni jina lake. Mwambie kitu anachoweza kukibeba. "Kaka, mimi nina cheti cha stoo, natafuta nafasi ya karani wa stoo ama msaidizi, ukisikia kwenye yadi zozote huko Changamwe ama Miritini wanatafuta, nijulishe niende mwenyewe kuomba." Hapo humuombi akuingize kwa mlango wa nyuma, unamuomba habari. Na habari mtu hutoa kwa furaha.

Haya, umeitwa intavyu, saa mbili asubuhi, mjini. Ukiwa wa Likoni ama Kwale, huku ng'ambo ya kivuko, hutaki nikwambie habari za feri. Feri ikikwama watu elfu wamesimama pale na kila mtu ana dharura yake. Kuna njia ya Dongo Kundu siku hizi lakini ni mzunguko na nauli ni nyingine. Dawa ni kuondoka mapema kupita kiasi, basi, sina dawa nyingine. Kama waweza nenda siku moja kabla uione hiyo ofisi, geti liko wapi, matatu inakuacha wapi. Na ukichelewa kwa sababu isiyo yako, piga simu kabla ya ile saa kufika, sio baada.

Jasho nalo. Mombasa hii ukitembea kutoka stejini mpaka ofisini shati limeshalowa. Fika mapema, keti kivulini, uwe na kitambaa cha kujifutia, na ukiweza beba shati la pili kwenye mfuko ubadilishe chooni. Nguo ya mtumba kutoka Kongowea iliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri inatosha kabisa, hakuna meneja anayeuliza umeinunua wapi. Ila angalia unaenda kazi gani. Ukiitwa kwenye yadi ya makontena usije na ndara wala viatu vya kisigino, manake kule ndani kuna mashine zinabeba makontena na huruhusiwi kuingia bila viatu vilivyofunika mguu, unaweza kubaki getini wenzako wakipelekwa kuonyeshwa kazi. Na wasichana wangu mnaoniuliza kila mara, nivue hijabu? Usivue. Sheria ya Ajira kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa dini, na kinahusu hata wakati wa kuajiri. Ifunge vizuri ikae safi, nenda ukaongee mambo ya kazi.

Kuna wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, walichapisha mwaka 2006 kwamba mtu akionyeshwa sura kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde tayari ameshaamua kama huyu anaaminika ama la, na akipewa muda zaidi hazidi kubadilisha sana, anazidi tu kuwa na uhakika. Hilo lawatisha wengi, na mimi nawaambia msitishike. Sura Mungu amekupa, hukuichagua. Lakini kuingia ukiwa umetulia, hukukimbia, hukuhema, umesalimia ukimuangalia mtu usoni, hayo ni yako wewe. Wengine mmelelewa kwamba kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na ni malezi mazuri. Basi muangalie unaposalimia na unapojibu, akiwa anasoma makaratasi yake shusha macho, hakuna atakayekuona jeuri.

Nije kwenye geti. Makampuni mengi hapa kwetu yana kitabu cha wageni pale kwa askari, unaandika jina, namba ya simu, saa uliyoingia na umekuja kwa nani. Mimi jioni nilikuwa napita nakisoma. Namuona fulani ameandika saa moja na nusu, mwandiko unasomeka, safu zote amejaza. Mwengine ameandika jina moja tu limekatwa katwa. Kwa kazi ya karani hilo lilikuwa lanieleza mengi. Na yule askari tulikuwa tunaongea, ni mzee wa watu, ameona wanaoingia na kutoka miaka yote. Msalimieni kwa sababu ni mzee wenu, shikamoo yake mpeni, hata kama hakuna anayewaangalia.

Ndani sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio roho ya mambo.

Kwenye ile yadi, tulipokuwa tunatafuta makarani wa makaratasi, tulikuwa hatuanzi na maswali. Namba ya kontena mwaijua? Ina herufi nne mbele halafu tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho haikuwekwa ovyo, inapigiwa hesabu kutoka kwa zile zilizotangulia ili ukikosea moja kompyuta igundue. Ukiandika vibaya kwenye nyaraka za forodha, kontena halitoki, na kila siku linapokaa kuna malipo ya kuhifadhi yanapanda, na mwenye mali anapiga simu anapiga kelele. Kwa hivyo tulimpa mtu karatasi yenye namba za makontena, kompyuta, na dakika chache, aziingize. Wengi walikimbia wakamaliza haraka wakanyanyua mkono, wanafikiri ni mashindano ya mbio. Nakumbuka msichana mmoja, mwembamba hivi, sauti ndogo, kwenye maswali hakuwa ameng'ara hata kidogo. Aliingiza zote, kisha akaweka rula chini ya mstari wa kwanza kwenye karatasi, akaanza tena kulinganisha na skrini, moja moja, anateremsha rula. Muda ukaisha hajamaliza kukagua. Akasema, "madam, nimekagua mpaka hapa, hizi tatu za chini bado sijahakikisha." Tulimchukua huyo. Hakuna hata mmoja kwenye ile meza aliyebisha. Manake mtu anayekuonyesha hadi wapi ana uhakika, usiku wa saa tisa meli imeingia na wewe uko nyumbani, utalala.

Wataalamu wawili, Frank Schmidt na John Hunter, mwaka 1998 walikusanya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe afanye ni kati ya njia zilizoonekana kutabiri vizuri kabisa. Ndio mkiitwa hotelini mwaambiwa tandika kitanda hiki, panga meza hii ya watu wanne. Jizoeshe nyumbani kile ambacho kazi inahitaji. Kuwa na maneno mengi kutakusaidia dakika mbili tu.

Maswali nayo yana namna. Wakikwambia "tueleze kuhusu wewe", hawataki ulizaliwa wapi na uko wa ngapi kwa mamako. Wataka kujua unaweza kufanya nini, umewahi kukifanya wapi, na kwa nini umekuja kwao. Dakika moja na nusu yatosha. Wakikuuliza udhaifu wako, yale majibu ya "mimi nafanya kazi kupita kiasi" kila mtu ameyasikia, yanachosha. Sema kitu cha kweli na unakirekebishaje, mfano "Excel nilikuwa naijua kidogo, sasa kila jioni najifunza kwenye simu, nimefika kwenye fomula za kujumlisha na kutafuta." Na usichokijua, sema sijui. Sema hivi: "hiyo sijaifanya, ila niliyofanya inayokaribia ni hii, na naweza kujifunza." Mwongo anaingia kazini Jumatatu na Jumanne ashajulikana.

Wakikuuliza kuhusu mteja msumbufu usiseme "mimi ni mvumilivu". Toa kisa. Siku gani, mteja alitaka nini, wewe ukafanya nini, ikaishaje. Sehemu nyingi mtu anajaza alama kwenye fomu kwa kila swali, na hawezi kukupa alama kwa neno "mvumilivu", atakupa kwa kisa.

Lugha. Najua intavyu nyingi ni kwa Kiingereza na wengi wenu Kiswahili chenu ni cha kupendeza mpaka mtu wa bara anakaa kusikiliza, lakini kile Kiingereza kinagoma. Ongea polepole. Sentensi fupi. Usiige sauti ya mzungu. Ukikosa neno, pumzika ulitafute, kimya cha sekunde tatu hakiui. Na mfanye mazoezi kwa sauti, mdomo uzoee, manake kusoma kimya kimya na kuongea ni vitu viwili. Kwa kazi za hoteli, ukijua salamu za Kijerumani ama Kiitaliano zitaje, wageni wa pwani hii wengi wanatoka huko.

Mwishoni watakuuliza una swali? Uwe nalo. Uliza kazi ya siku ya kwanza ikoje, uliza nani atakuwa anakusimamia, uliza shifti zinapangwaje na usafiri wa usiku ukoje kama watoka Likoni. Hayo ni maswali ya mtu anayejiona tayari yuko kazini. Mshahara wakiuuliza jibu, usione haya, lakini uwe umeuliza uliza huko nje kazi kama hiyo hulipa kiasi gani.

Sasa kuna mambo mengine nataka muyasikie kwa makini, hasa nyinyi ambao mmetafuta mpaka mmechoka, kwa sababu mtu akichoka ndio anaibiwa. Kumvutia mwajiri hakuna maana ya kumpa kila anachotaka. Mtu akikwambia toa pesa kidogo nikuwekee jina, kataa. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na inamshika anayetoa, wote wawili. Na mara nyingi hata hiyo kazi haiko, unatoa pesa za chama za mamako zinaliwa. Mtu akikuita intavyu ya usiku kwenye chumba cha hoteli, usiende, binti wala mvulana. Kuomba mapenzi kwa ahadi ya kazi si intavyu, na Sheria ya Ajira ina kifungu kizima, cha 6, kinachokataza unyanyasaji wa kimapenzi kazini. Mwambie mtu, usinyamaze, njoo hata kwangu.

Na vile vyeti, cheti cha polisi cha maadili mema, cha HELB wa mikopo ya wanafunzi, cha KRA wa kodi na wenzake. Nimeona kijana amekopa kulipia vyote ili tu atume maombi. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hivyo wakikuita wakisema tunakuchukua, hapo ndio unakimbilia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kupigwa alama za vidole. Kitambulisho na vyeti vya shule viwe tayari kwenye bahasha, nakala zisizo na mikunjo ya samosa.

Ukitoka intavyu, jioni ama kesho yake tuma meseji ama imeili fupi. "Asante kwa muda wenu leo. Nimefurahi kuona kazi ya stoo ilivyo, bado ningependa nafasi hiyo." Basi. Waliokuwa wananitumia hivo walikuwa wachache sana na nilikuwa nawakumbuka. Kama walisema watajibu baada ya wiki mbili, subiri zipite ndio uulize, mara moja. Kupiga simu kila asubuhi kunamrudishia mtu ile hofu. Na wakikwambia hapana, jibu kwa adabu na uombe wakukumbuke. Hotelini ilikuwa ikitokea kila msimu, tuliyemchagua anapata kwengine wiki ya kwanza, na mimi nafungua tena ile orodha. Nampigia nani? Nampigia yule aliyesema "asante madam, nafasi nyingine ikitokea naomba mnifikirie."

Naona adhana inakaribia kwa hivyo tutavunja kwa ajili ya Asr na chakula. Tukirudi, ile meza ya kona nimeweka kompyuta mbili na karatasi zenye namba za makontena, na pale karibu na jukwaa mama wa hoteli mmoja amekubali kutusaidia amekuja na shuka na kitanda kimetandikwa godoro. Wenye CV leteni, nitasoma na kalamu nyekundu nimebeba. Mnaotaka kujaribu intavyu mtaingia wawili wawili, mmoja anauliza mwengine anajibu, kisha mnabadilishana. Anzeni na walio nyuma pale mlangoni, wamesimama tangu tuanze.